Walipita Ufipa na maiti mabegani

Haya wapendwa, nimerudi. Wale mlioniandikia kuuliza kama nimekufa au nimeolewa, jibu ni hapana kwa yote mawili. Aliyefariki ni mzee wangu. Na kwa kuwa wengi mmeshanipa pole, leo sitaki kuandika kilio. Nataka kuandika historia, ile ninayoipenda mimi, ya watu ambao majina yao huwa yanatajwa chini chini wakati wenzao wanajengewa minara. Ila msiba utaingia humo humo, mtanivumilia.

Nianze na linaloniuma. Baba alizaliwa Ufipa, kijiji kimoja upande wa Nkasi. Akaja Dar es Salaam akiwa kijana, akafundisha hesabu shule za msingi mpaka akastaafu. Alipofariki, kikao cha ukoo kilikaa kwenye mkeka pale uani kwetu na swali lilikuwa moja tu: tunamzika hapa au tunampeleka kwao? Mimi ndiye mkubwa. Baba mdogo alipiga simu kutoka Sumbawanga, akasema maneno machache. Uamuzi ni wenu mlio huko, akasema, lakini pembeni ya kaburi la babu yako nafasi ipo. Nikapiga hesabu, si ndiyo urithi alioniachia mwenyewe? Gari, mafuta, jeneza, watu wa kusindikiza, chakula cha njiani, zaidi ya kilomita 1,100. Nikasema tumzike Kinondoni. Tukamzika Kinondoni. Shangazi yangu, dada yake pekee, hakuwahi kufika.

Hakuna aliyenilaumu. Bora wangenilaumu, ningepata pa kujitetea.

Wiki sita baadaye nikapanda ndege kwenda London. Yalikuwa mafunzo ya waandishi ya wiki tatu, yaliyopangwa tangu baba akiwa mzima na akiwatangazia majirani. Nilitaka kughairi. Mama akasema, "Nenda mwanangu. Ukibaki hapa tutaendelea kuliana tu sisi wawili." Basi nikaenda.

Sasa niwaambie ukweli ambao nyumbani sijausema. Nilifurahi. Masomo yalikuwa asubuhi, mchana ulikuwa wangu, na hakuna mtu hata mmoja mji mzima aliyekuwa anajua nimefiwa. Siku ya kwanza nilikula chipsi na samaki kwenye karatasi nikiwa nimekaa kwenye ngazi, mvua inanyunyiza, na nikala nikamaliza. Nilikuwa sijamaliza sahani tangu siku ya mazishi. Kesho yake nikaenda soko la Brixton, nikakuta ndizi za kukaanga, mchuzi wa mbuzi wa watu wa Jamaika na mama mmoja wa Kinigeria aliyeniita binti yake bila kuniuliza natoka wapi. Nikala tena. Usiku nikirudi chumbani aibu ikawa inanishika. Kwetu mfiwa anakula kwa kubembelezwa, hatembei mjini akionja onja. Asubuhi natoka tena kuonja.

Jumba la sanaa la taifa pale Trafalgar Square huingii kwa kiingilio, kwa hiyo mwandishi wa kipato changu lazima apapende. Kuna picha moja ya Michelangelo humo, ya Yesu anapelekwa kaburini. Aliianza karibu mwaka 1500 akaiacha bila kuimaliza. Mwili umeshikwa kwa vitambaa kama kombeo, wanaoubeba wamejipinda kwa uzito, na unaona kabisa kwamba maiti ni mzigo. Wachoraji wengi humchora marehemu kama anaelea. Huyu alijua. Halafu chini kona ya kulia pana nafasi tupu, ubao mtupu, panapodhaniwa kwamba angechorwa Mama Maria. Nilikaa mbele ya picha ile mpaka mlinzi akaanza kuniangalia.

Siku mbili baadaye nikaingia Westminster Abbey (hapa kiingilio kipo, na ni cha kutosha kununulia mchele wa mwezi). Katikati ya kanisa, sakafuni, unakanyaga jiwe jeusi la David Livingstone. Jiwe linasema aliletwa na mikono yenye uaminifu, kupita nchi kavu na bahari. Mikono tu. Ya nani? Jiwe halisemi. Hapo ndipo nikakumbuka jambo ambalo baba aliwahi kunisimulia nikiwa darasa la sita nikalipuuza, kwamba wale waliombeba Livingstone walipita kwao. Kwao Ufipa.

Nikasimama pale nafikiri: jamani. Mtu baki, asiye baba wa yeyote kati yao, alibebwa kwa miguu kutoka katikati ya Zambia ya leo mpaka Bagamoyo, na mimi baba yangu mzazi nimeshindwa kumsafirisha kwa gari kwenye barabara ya lami?

Tuingie kwenye historia sasa.

Agosti 1872 Livingstone aliondoka Kwihara, karibu na Tabora, akiwa na watu wapya ambao Stanley alimtumia kutoka pwani. Alikuwa mgonjwa, anatafuta chanzo cha mto Nile mahali ambapo hakipo. Msafara ulishika njia ya kando ya Ziwa Tanganyika, upande huu wetu, chini ya miinuko ya Ufipa. Joto kali, panda shuka ya milima inayoingia ziwani, watu wakachoka vibaya. Mwanzoni mwa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, alikutwa amekufa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda.

Kumbuka hali yao. Tajiri wao amekufa. Wapo ugenini, katika nchi ambayo maiti ya mgeni inaweza kuleta faini au vita. Wangeweza kuchimba kaburi, wakagawana vitu, wakatawanyika. Badala yake wakafanya kikao. (Ndiyo, kikao, kama chetu cha mkekani.) Mbele walikuwa wawili waliokaa naye muda mrefu: Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi, na James Chuma, Myao aliyekombolewa mwaka 1861 kutoka kwenye msafara wa watumwa akiwa mtoto. Pamoja nao Jacob Wainwright, Myao mwingine aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa shule ya wamisionari Nasik, India. Farijala, ambaye alishawahi kumtumikia daktari Unguja, alipasua mwili. Moyo na matumbo wakavizika chini ya mti, Wainwright akasoma sala. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani siku 14, wakaufunga kwa nguo, wakauviringisha kwenye gome la mti na turubai, wakapaka lami. Safari ikaanza.

Ilichukua karibu miezi tisa. Zaidi ya kilomita 1,600. Mwezi mmoja karibu wote walilala njiani kwa ugonjwa, wengine walikufa. Na walipofika kusini mwa Ziwa Tanganyika wakafanya uamuzi ambao ndio ulionipandisha mimi basi la Sumbawanga: njia ya ziwani hatuirudii tena. Ile milima tunaijua. Tupande juu, tupite uwanda wa Ufipa. Wakashika nyanda za juu wakati wa kiangazi, wakiacha ziwa kushoto, na katika maelezo ya safari yao imo safu ya milima ambayo Waingereza waliiandika Lambalamfipa. Wenyeji wanaiita Lyambalyamfipa. Inatazama bonde la Ziwa Rukwa.

Oktoba 1873 walikuwa Tabora. Huko walimkuta Luteni Cameron aliyetumwa kumtafuta Livingstone, akawashauri wamzike hapo hapo, safari ya mbele ni ya hatari. Wakakataa. Ofisa wa Kiingereza anasema inatosha, mzikeni, na wapagazi wanasema hapana. Huwa natamani kitabu cha shule kingeanzia hapo.

Mbele kidogo, Kasekera, wenyeji wakagoma maiti isipite. Wakina Chuma wakacheza mchezo. Walikata mabua ya mtama, wakayafunga sanda yakawa kama mtu, wakawapa wenzao wayarudishe Tabora kwa huzuni zote "kuzika". Waliopewa wakaenda nayo mbali, wakayatupa porini, wakarudi usiku mmoja mmoja. Mwili wenyewe ukafungwa upya ukawa kama robota la nguo za biashara. Februari 1874 robota likaingia Bagamoyo. Huko balozi mdogo wa Kiingereza aliwalipa mishahara yao, na kazi ikawa imekwisha. Meli ikaondoka na maiti. Katika wale wote aliyesafiri nayo ni Wainwright, nauli yake ililipwa na wamisionari. Tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa mmoja wa washika jeneza Westminster, pamoja na Stanley. Chuma na Susi waliitwa baadaye, kwa gharama ya rafiki mmoja tajiri wa Livingstone. Walifika mazishi yameshapita.

Hapo ndipo kisa chao kinafanana na changu kidogo, mkiniruhusu kujilinganisha. Kiangazi cha 1874 watu wawili waliotoka kwenye msiba mrefu walikuwa Uingereza wakikaribishwa huku na huku. Walikaa kwa Horace Waller wakimsaidia kuhariri daftari za mwisho za Livingstone, kwa sababu mengine yalikuwa vichwani mwao tu. Walipelekwa Newstead Abbey, jumba lililowahi kuwa la mshairi Byron, na huko wakajenga kibanda mfano wa kile alichofia Livingstone, wenye nyumba wakaangalia. Ipo picha yao pamoja na Waller na watoto wa Livingstone, Thomas na Agnes. Wamevaa suti. Wamenyooka. Nimeitazama mara nyingi kwenye intaneti nikijiuliza kama na wao walikula wakashiba, kama walitembea peke yao jioni moja bila mtu wa kuwaonyesha, na kama waliona aibu kufurahi. Kitabu kilichotoka mwaka huo kina jina la Livingstone na jina la Waller.

Nikarudi Dar. Nikaomba likizo nyingine isiyo na malipo. Nikakata tiketi ya Sumbawanga.

Sasa hapa wasomaji wangu wa mjini mnaanza kucheka, nawajua. Ofisini walicheka vile vile. Nilipokwenda London kila mtu aliniambia safari njema, niletee chokoleti. Nilipotaja Sumbawanga mmoja akaniuliza nimemkosea nani. Mwingine akaleta ile ya radi inayotumwa kwa pesa. Msichana anasafiri peke yake London, hiyo ni maendeleo. Akisafiri peke yake Sumbawanga, atageuzwa fisi. Jina lenyewe, wenyeji wanavyolifasiri, ni sumba na wanga: tupa uchawi. Yaani mji unajitangaza kwamba uchawi utupwe nje, sisi tumeukariri kama ghala lake! Ni kweli uchawi uliwahangaisha watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vuguvugu lililoitwa Kamcape lilizunguka vijiji vya Ufipa likiwasafisha wanaoshukiwa, na mtaalamu wa Kiingereza Roy Willis, aliyeishi huko wakati huo, aliandika juu yake. Lakini vuguvugu kama hilo lilizunguka nchi nyingi za jirani. Tukaichagua Sumbawanga peke yake kwa vichekesho, nadhani kwa sababu ilikuwa mbali na barabara ilikuwa mbovu.

Lami sasa ipo. Ukitoka Tunduma unaanza kupanda, miti inapungua, na baada ya Laela nchi inafunguka. Sikutegemea. Uwanda wa nyasi na mashamba, anga kubwa kupita kiasi, baridi inayoingia dirishani saa saba mchana. Mji upo juu, karibu mita 1,800. Baba hakuwahi kusema kwamba kwao ni kuzuri. Alikuwa anasema tu kwamba Dar kuna joto, kila siku, kwa miaka arobaini na zaidi.

Mashamba ya huko yana kitu nilichokuwa sijakiona: matuta ya mviringo, yamesambaa kama vichuguu vilivyopangwa. Wanaita ntumba. Nyasi zinafukiwa ndani ya udongo zinaoza, mbolea inajitengeneza humo humo, ndipo unapanda. Wataalamu wa kilimo wameandika sana juu yake kwa vile nchi ile haina miti mingi ya kukata na kuchoma. Wasafiri wa karne ya 19 waliopita wakati wa vita na biashara ya watumwa waliishangaa Ufipa kwa utulivu wake: watu wanalima, wana pamba yao, wanafuma nguo zao wenyewe. Na chuma.

Hicho chuma nikieleze vizuri, maana kama Ulaya wana majumba ya sanaa, nami sanaa ya kwetu nimeiona ikiwa imesimama porini haina mlinzi. Baba mdogo alinipeleka kwa pikipiki. Ni mnara wa udongo mwekundu, mrefu kuliko mimi na yeye tukibebana mabegani nusu, juu mwembamba chini mpana, na vitundu chini kuzunguka. Wanaliita ilungu, yakiwa mengi malungu. Halikuwa na mivuo. Matanuru mengi ya Afrika yalihitaji watu wa kuvukuta usiku kucha, hili lilivuta hewa lenyewe kwa urefu wake, kama bomba la moshi. Mawe ya chuma na makaa vinapangwa ndani, moto unajitegemea siku kadhaa. Kinachotoka hakijawa safi, kinapelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, lenye mivuo, ndipo mhunzi anapata chuma cha jembe. Tanuru lilihesabiwa kuwa ni bibi harusi. Lilipambwa, fundi mkuu alikuwa na kikapu chake cha dawa, na wayeyushaji walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Profesa Bertram Mapunda ameyachimba na kuyaandikia kitabu kizima. Majembe ya dukani yakayaua katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Lakini mwaka 1873 yalikuwa hai. Wakina Chuma walipopita na mzigo wao, moto ulikuwa bado unawaka katika nchi hii.

Baba mdogo alikuwa amekaa chini ya kivuli anasubiri nimalize kupiga picha. Akasema, "Babu wa babu yako alikuwa anafanya hii." Kwa sauti ile ile ambayo ungesema alikuwa dereva wa daladala. Baba alijua? "Alijua." Hakuwahi kuniambia. Alinifundisha asilimia na vipeo, hili akaliacha.

Shangazi nilimwacha mwisho kwa makusudi, ninakiri. Nilikaa siku mbili Sumbawanga mjini nikijifanya nafanya utafiti, nikila ugali wa ulezi na migebuka ya Ziwa Tanganyika iliyokaushwa kwa moshi, na maharage ambayo, samahani wanaojisifia maharage ya Mbeya, sijawahi kula mengine kama hayo. Mama mwenye mgahawa hakuuliza kwa nini nipo peke yangu. Aliuliza tu kama niongezwe.

Siku ya tatu nikaenda kijijini. Shangazi alikuwa anapepeta. Ni mfupi, ana paji la uso la baba, sikuwa nimejiandaa kwa lile paji.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mama. Karibu." Ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Akapiga makofi taratibu, ya kusalimia, akasema maneno ya Kifipa, nikabaki natabasamu kama mgeni. Nilikuwa mgeni.

Nilikuwa nimebeba koti la baba, lile la kijivu ambalo Dar alilivaa Krismasi tu, kwa kulazimisha. Shangazi akalipokea, akalikunja, akaliweka mapajani. Akauliza, "Mlimvalisha nini?"

"Suti nyeusi, shangazi."

"Na huko alikolala, kuna baridi?"

"Hakuna baridi."

"Alikuwa hapendi joto," akasema. Basi. Tukalia, sitaeleza hilo.

Baadaye nikamwambia ni mimi niliyesema azikwe kule. Akasema alijua, baba mdogo alimwambia siku ile ile. Akasema alikasirika, na bado kidogo amekasirika, na kwamba nauli ya kuja angekuwa nayo angekuja yeye. Sikuwa nimefikiri hivyo kabla. Nilidhani pesa ilipungua upande wetu tu. Jioni akanipeleka kwenye kaburi la babu. Nafasi ya pembeni ipo kweli, wameipanda maua ya njano, na hakuna aliyeniambia kama ni ya baba bado au itakuwa ya mwingine.

Usiku, kwenye moto, nikawasimulia habari za Chuma na Susi. Baba mdogo aliijua nusu. Shangazi hakuijua, akasikiliza mpaka mwisho, na swali lake likawa moja ambalo mimi na elimu yangu sikuwahi kuuliza kwa sauti: "Nani alikuwa anawapikia?"

Halima. Jina lipo. Alikuwa mpishi wa Livingstone, mke wa Amoda, mmoja wa watumishi wa siku nyingi. Mwaka 1872 Livingstone alimsifu kwenye daftari lake, msafi, mwaminifu, akaandika kwamba wakifika Unguja atamwacha huru na kumnunulia nyumba yenye bustani. Walikuwepo wanawake wengine, Ntaoeka mke wa Chuma, Misozi mke wa Susi. Ulikuwapo hata mtoto, Losi, msichana wa miaka kama kumi hivi. Huko mbele, akiwa amebeba mtungi wa maji kichwani, aliumwa na nyoka akafa njiani. Msafara uliobeba maiti ukasimama kuzika maiti nyingine.

"Na hiyo nyumba, Halima aliipata?"

Nikamwambia mwenye ahadi alirudi Unguja akiwa robota. Walioalikwa Uingereza walikuwa wanaume.

Shangazi akatikisa kichwa, akachochea moto, naye akatoa hadithi yake. Ni ile ambayo Wafipa wote wanaijua na Willis aliijengea kitabu, mwaka 1981. Hapo mwanzo palikuwa na Milansi, kijiji cha kwanza, na mfalme wake. Siku moja mfalme yuko mawindoni, wakatokea wanawake watatu wasafiri, wageni kabisa, hawana jeshi hawana mume. Wakakuta kigoda cha mfalme, wakakalia. Aliyerudi akakuta nchi imeshachukuliwa. Ikabidi wapatane: wageni watawale, Milansi ibaki na heshima ya mambo ya mizimu. Ukoo wa hao wanawake, Watwa, ndio uliotoa wafalme wa Nkansi na wa Lyangalile.

"Kwa hiyo ukiona mwanamke anatembea peke yake," shangazi akasema, "mpe kigoda upesi." Wakacheka wote. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kwenye kigoda.

Nimalizie ya Chuma. Mwaka 1879 aliajiriwa kuongoza msafara mwingine wa Waingereza kutoka Dar es Salaam. Mkuu wake, Keith Johnston, alikufa Behobeho mwezi Juni, hawajafika popote. Wakamzika huko. Uongozi ukamwangukia kijana Joseph Thomson, miaka 21, na kila mtu aliyesoma kitabu chake anaona kwamba bila Chuma asingefika mbali. Mwaka 1880 wakapita Ufipa. Chuma mara ya pili juu ya uwanda ule ule, safari hii bila maiti, huru kutazama. Walisimama kwenye ukingo, Ziwa Rukwa likiwa chini kabisa. Thomson akalipa jina la mfalme wa Ubelgiji, jina ambalo halikushika, tushukuru. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882. Susi alimfuata mwaka 1891. Shajara ya Wainwright ya ule msafara inasomeka sasa kwenye intaneti kwa mwandiko wake mwenyewe, naye alifia Urambo mwaka 1892. Kile chama cha wanajiografia cha London kiliwatengenezea waliobeba medali, lakini zilipokuja wengi walikuwa wameshatawanyika.

Na mimi nikasimama pale ukingoni, na baba mdogo na pikipiki yake. Upepo unatoka chini una joto la bondeni, mgongoni una baridi. Nikala mahindi ya kuchoma. Sikuona aibu.

Siku ya kuondoka shangazi alinifungia maharage kilo 20, unga wa ulezi na migebuka, vyote kwenye mfuko wa sandarusi, akaushona kwa kamba, akauvingirisha kwa kanga. Koti la baba likabaki. Stendi ya Sumbawanga, alfajiri, konda akauinua ule mzigo akaguna.

"Dada, humu umebeba nini? Mtu?"

Nikalipia mzigo, nikapanda.